Maswali ya Wasomaji: Pikipiki ya Kwanza kwa Anayeanza Mombasa

SWALI: Mpendwa mjibu maswali, asalaam alaykum. Mimi ni mwalimu, naishi Bamburi na nafundisha Tudor. Nauli ya matatu na tuktuk inanimaliza, na juu ya hayo nachelewa kazini kwa msongamano wa Kongowea na daraja la Nyali. Nimeweka akiba ya shilingi laki moja na elfu themanini ninunue pikipiki, ingawa sijawahi kuendesha maishani mwangu. Kaka yangu anashikilia Boxer ya 150, yaani yenye injini ya sentimita za ujazo (cc) 150, kwa kuwa ni imara. Shemeji anasema skuta ndiyo ya wanawake. Muuzaji mmoja naye ananisukumia pikipiki ya 200, ya jina nisilolijua, kwa bei nafuu kuliko zote. Kaka amejitolea kunifundisha mwenyewe. Nichukue ipi ambayo haitanisumbua? — Mwalimu, Bamburi

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Washauri wako wamekutajia majina na ukubwa wa injini, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza ni nani atakayeitengeneza pikipiki hiyo siku kebo ya klachi itakapokatika alfajiri huku watoto wakikusubiri darasani. Kwa maoni yangu swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia mengine yote. Pikipiki ndogo za kazi, zile za silinda moja, zenye stroki nne na kupozwa kwa hewa, zinafanana sana kwa ndani, na nyingi kati ya zile zinazojulikana hudumu miaka zikibadilishwa oili kwa wakati. Kinachozitenganisha kwetu hapa ni kama spea zake ziko dukani leo, na kama fundi wa mtaani kwako ameshaifungua injini ya aina hiyo mara nyingi kiasi cha kuizoea.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu yeyote, chukua Jumamosi moja uzunguke maduka matatu ya spea na uulizie vitu hivi kwa kila pikipiki unayoifikiria: kebo ya klachi, pedi za breki, mnyororo pamoja na sproketi zake, yaani magurudumu ya meno yanayouzungusha, plagi, ringi za pistoni na CDI. Hiyo CDI ni kisanduku kidogo cheusi kinachoamrisha cheche ya plagi, na kikiharibika pikipiki nzima isiyo na kasoro nyingine hukataa kuwaka. Muuzaji akinyoosha mkono na kukuwekea kitu mezani bila ya kupiga simu, umepata jibu; akikwambia atakutafutia hadi kesho kutwa, umepata jibu pia. Naamini utakuta Bajaj Boxer na TVS HLX zinaongoza, kwa sababu ndizo zinazowabeba abiria wa bodaboda mji mzima na hakuna mwenye duka asiyeziweka. Honda, Yamaha na Hero ni pikipiki nzuri, lakini maduka yanayoweka spea zake ni machache zaidi, na ni bora ujue mapema lililo karibu nawe liko wapi.

Hiyo 200 ya bei nafuu iache. Sisemi kwamba kila pikipiki itokayo China ni mbovu, maana zipo zilizowalisha watu na kuwajengea nyumba. Taabu ni kwamba majina mengine huja na mzigo mmoja yakatoweka, na anayebaki na pikipiki hulazimika kufanyiwa kazi ya kulinganisha na kuchonga spea za pikipiki nyingine. Fundi mahiri aliyeishi na mashine za namna hiyo anaweza kuvumilia, lakini anayejifunza ndiyo kwanza hawezi hata kutambua kwamba mlio aliousikia ni wa hatari.

Kuhusu ukubwa wa injini, kaka yako amesema kweli kwamba Boxer ya 150 ni imara, lakini uimara huo ulikusudiwa kazi ambayo wewe huifanyi. Injini yake ina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 145 na nguvu za farasi 12 hivi, na imepangwa ivute vizuri katika mwendo mdogo ikiwa na abiria, gunia la mkaa au mitungi ya gesi nyuma. Mwalimu na mkoba wa madaftari hawahitaji hayo. Mombasa si Taita. Kutoka Bamburi hadi Tudor hutakutana na mlima wa kuutaja, ukiondoa mwinuko wa daraja lenyewe. Pikipiki ya 100 ingekutosha ukiwa mitaani, ila kwenye barabara ya Malindi utakuwa pamoja na mabasi na malori, na hapo ni vyema uwe na akiba kidogo ya nguvu ya kujitoa mahali pabaya. Kwa sababu hiyo nakushauri 125. Inakwenda zaidi ya kilomita 40 kwa lita moja ikiendeshwa kwa utulivu, na haina pupa ya kumtisha mtu anayejifunza kuachia klachi.

Nenda ukaikalie. Jambo hili hupuuzwa, na huwaangusha wengi wanaoanza. Ukiwa umekaa, nyayo zote mbili zikanyage chini sawasawa; kisha shuka, uisukume mbele na nyuma, na uipandishe kwenye stendi kubwa bila ya kusaidiwa. Pikipiki nyingi za kiwango hiki huwa na uzito wa kilo 110 hadi 125, na uzito huo utaubeba wewe peke yako siku itakapokuzimikia katikati ya Kongowea.

Sasa nguo, ambazo hukuziuliza lakini siwezi kuzipita. Ukivaa buibui, pindo lake likiingia kwenye mnyororo au spoki za gurudumu la nyuma, litakuvuta kabla hujajua kinachotokea. Nchini India sheria inataka pikipiki iwe na kizuizi kinachofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, kwa ajili hiyohiyo ya nguo za abiria, na pikipiki nyingi za hapa zimebuniwa huko. Hata hivyo kizuizi hicho mara nyingi hakipo au kimeshang'olewa. Dai kifungwe kabla ya kuichukua dukani. Chagua pia ile ambayo mnyororo wake umefunikwa juu na chini badala ya ile yenye kipande cha bati juu tu. Panda ukiwa na suruali pana na koti fupi la kufunga, viatu vilivyofunika vifundo vya miguu, na hilo buibui liweke kwenye mkoba ulivae ukishafika. Mtandio nao ufungwe wote ndani ya helmeti na kola, pasibaki ncha ya kupepea.

Shemeji yako hajakosea kuhusu wepesi wa skuta, ingawa uanamke hauhusiki. Skuta haina klachi wala gia za kubadilisha, na mbele yake kuna sakafu inayokinga nguo. Lakini magurudumu yake mara nyingi ni ya inchi 10 au 12, wakati ya pikipiki ya kawaida ni 17 au 18, na gurudumu dogo huzama kwenye shimo ambalo kubwa lingelipita juu, sembuse mchanga uliorundikana pembeni mwa barabara zetu. Nguvu ya injini hupelekwa nyuma kwa mkanda wa mpira, na mkanda huo ukikatika fundi wa kona hana la kufanya mpaka upatikane mwingine wa kipimo hichohicho. Ikiwa mtaani kwako kuna fundi wa skuta unayemjua na duka lenye mikanda, ichukue kwa moyo mkunjufu. Honda waliutatua mgogoro huu tangu 1958 walipotoa Super Cub, yenye magurudumu makubwa, mnyororo uliofungiwa na gia zisizohitaji mkono kwenye klachi. Kufikia 2017 walikuwa wameshatengeneza zaidi ya milioni 100 za ukoo huo, na natamani sana pikipiki za namna hiyo zingekuwa rahisi kupatikana huku.

Kaka yako mshukuru, kisha ujiandikishe kwenye shule ya udereva upate leseni ya daraja la A2. Profesa Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walizichunguza kwa kina ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, na ripoti yao ya 1981 ilionyesha kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliohusika walikuwa wamejifunza wenyewe au kufundishwa na jamaa na marafiki. Zaidi ya nusu walikuwa hawajamaliza miezi mitano na pikipiki waliyopatia ajali. Huko ni mbali na ni zamani, lakini moja ya makosa yaliyoonekana ni lilelile ninaloliona hapa kila wiki: mtu akishtuka hukanyaga breki ya nyuma peke yake, gurudumu likateleza, na breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, hakuitumia vya kutosha. Wengi wameambiwa kwamba breki ya mbele huangusha. Huangusha ikibanwa ghafla au wakati umekata kona. Ikibanwa pole pole na kuongezwa nguvu, huku pikipiki imenyooka, ndiyo inayookoa. Kaka anaweza kukusindikiza kwenye uwanja mtupu ukalifanya hilo tena na tena hadi vidole vizoee, na huo utakuwa msaada mkubwa kuliko kukukalia nyuma barabarani.

Akiba yako igawe tangu mwanzo. Ondoa kwanza ada ya mafunzo na leseni, bima, ambayo kwa sheria ya Kenya haikosi kuwa angalau ile ya kulinda watu wengine barabarani, koti la kuakisi mwanga, na helmeti. Kinachobaki ndicho cha pikipiki. Kwenye helmeti usibane mkono. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa 2008, ulikadiria kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 na ule wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Tafuta yenye herufi E ndani ya duara, alama ya viwango vya Umoja wa Mataifa, na ikukae kiasi kwamba ukiizungusha kwa mikono ngozi ya mashavu inazunguka nayo. Ikicheza kichwani, rudisha.

Ukishainunua, adui wako wa kwanza ni hewa ya bahari. Chumvi hula spoki, bomba la moshi, viunganishi vya nyaya na mnyororo, hata pikipiki ikiwa imeegeshwa. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, ikauke, na mnyororo uusugue kwa mafuta ya taa kisha uupake oili nzito. Upime mnyororo huo katikati ya sproketi mbili: ukiusukuma kwa kidole uende juu na chini kiasi cha milimita 20 hadi 30, isipokuwa kitabu chake kiseme vingine. Oili ya kwanza huondolewa mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa kuwa hubeba unga wa chuma cha injini mpya inayojikwangua. Nunua oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za magari huwekewa dawa ya kulainisha zaidi, na kwa kuwa klachi ya pikipiki hizi huogelea ndani ya oili hiyohiyo, huanza kuteleza, injini inalia na pikipiki haiendi.

Katika mwezi wako wa kwanza wa kuendesha usivuke daraja la Nyali saa za msongamano wala wakati upepo wa kusi umeshika, kwani pale juu hukupiga ubavuni pasipo na jengo la kukukinga. Nenda Jumapili asubuhi hadi uizoee njia. Na masika yakianza, kumbuka kwamba breki za dramu, zile zilizofungiwa ndani ya kitovu cha gurudumu, zikiingia maji hushika kwa kuchelewa. Zibane kidogo kidogo huku ukienda hadi zikauke.

SWALI: Bwana mjibu, mimi ni kijana wa Likoni. Rafiki wa baba anauza Boxer aliyoifanyia bodaboda kwa miaka mitatu. Saa yake inasoma kilomita 18,000. Logibuku, yaani hati ya umiliki, anasema iko kwa waliomkopesha, lakini deni limekwisha. Itakuwa pikipiki yangu ya kwanza. Nimwamini? — Kijana, Likoni

JIBU: Mwanangu, mzee huyo mheshimu, lakini hesabu nayo iheshimu. Bodaboda akienda kilomita 60 tu kwa siku, siku 300 za kazi, hizo 18,000 zinakwisha kwa mwaka mmoja, na wengi huenda zaidi ya hapo. Ama saa ilisimama au kebo yake ilikatika ikaachwa. Usimtuhumu, iangalie pikipiki yenyewe.

Mwombe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini uhakikishe ni baridi, ndipo iwashwe mbele yako. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua, yaani ringi au sili za valvu zimechoka, na injini hiyo itafunguliwa karibuni kwa gharama yako. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi kiasi cha hewa, na mara nyingi kabureta, linalovichanganya viwili hivyo, likirekebishwa hupona. Tazama sproketi ya nyuma: meno yakiwa yamepinda na kuchongoka, mnyororo na sproketi zote mbili zinabadilishwa pamoja. Isimamishe kwenye stendi kubwa, gurudumu la mbele liwe hewani, uzungushe usukani taratibu kutoka kushoto hadi kulia. Ukikwama kidogo pale katikati, beringi za shingoni zimekwisha. Lishike gurudumu la nyuma ulitikise ubavuni, na likicheza tafuta sababu. Piga tochi ndani ya tangi, kwa maana kutu ya huko ndiyo inayoziba kabureta kila wiki. Inua siti utazame nyaya; kijani kwenye viunganishi ni kazi ya chumvi. Mwisho, kagua kwa makini maungio ya fremu chini ya tangi na pale keria lilipofungwa, kwa sababu mizigo mizito huanzia hapo kupasua. Rangi mpya mahali pamoja tu inahitaji maelezo. Ukiona ufa au weldi, ondoka, hata akipunguza bei nusu.

Yote hayo yakipita, bado hujamaliza, na hapa ndipo ninapokuomba usilegeze. Ingia kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, utafute rekodi ya nambari hiyo ya usajili, uone mmiliki aliyeandikwa ni nani na kama jina la mkopeshaji bado limo. Deni likiisha kweli, mkopeshaji hujitoa kwenye rekodi. Neno la mdomo halitoshi. Linganisha nambari ya injini na ile ya fremu na zilizo kwenye logibuku, moja baada ya nyingine, na ukikuta zimesuguliwa usiendelee. Pesa zitoke siku uhamisho wa umiliki unapofanywa, pasiwe na arbuni ya kirafiki kabla ya hapo. Mzee mkweli hataudhika, na baba yako asimame shahidi.

Juu ya bei yake, weka kando fedha za tairi mbili, mnyororo na sproketi, pedi za breki na oili, hata zikionekana zinafaa. Iwapo jumla inakaribia bei ya pikipiki mpya ya 100, nunua hiyo mpya.

SWALI: Naishi Mtwapa, na kazi yangu ni mjini. Naona pikipiki za umeme zimezidi. Je, zinamfaa anayeanza? — Msomaji, Mtwapa

JIBU: Zinaweza kukufaa, ndugu yangu, kwa kuwa hazina klachi, gia, wala oili ya injini ya kubadilisha, na mambo hayo matatu ndiyo yanayowasumbua wageni wa pikipiki. Kipimo ni kilekile nilichompa mwalimu wa Bamburi, ila badala ya duka la spea uliza kituo cha betri. Kampuni kama Spiro hukubadilishia betri iliyokwisha kwa iliyojaa, kwa hiyo kabla ya kununua ipite njia yako yote uone vituo viko wapi na vinafungwa saa ngapi, kisha usome kwenye mkataba kama betri itakuwa mali yako au utaikodi, maana ukiikodi pikipiki yako itaitegemea kampuni hiyo siku zote. Leseni, usajili, bima na helmeti vinahitajika kama kwa pikipiki ya petroli. Na jizoeze kwanza uwanjani jinsi inavyoondoka, kwa sababu mota ya umeme hutoa msukumo mkubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Ukirudi kwenye vichochoro vya Mtwapa piga honi mapema, kwani watoto wamezoea kusikia injini ndipo wapishe.